Filamu Isiyoona Nyekundu

Hebu niambie wewe: ukiletewa picha ya binti, ukamkuta kavaa nyeusi tii tangu kitambaa cha kichwani hadi pindo la gauni, utasema anatafuta mume au ametoka kumzika?

Bathsheba wa Nyamarambe alisema ametoka kumzika. Aliishika ile picha kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota mjusi, akairudisha.

"Yaya, hapana! Sitaki! Mwanangu Nyasani hajaoa, na mke tayari anamlilia? Tazama na midomo, kama aliyekula zambarau!"

Aliyeileta picha alikuwa Tryphosa, shangazi wa binti huyo, Nyamoita, na ndiye esigani, mshenga wa uchumba huo. Alirudi kwao Nyaramba miguu imejaa vumbi, akamwambia Nyamoita kwamba mambo yameharibika.

Esigani akiwa kazini, binti hana mdomo; hiyo ndiyo desturi. Lakini moyo ulimwaka. Nyasani alikuwa amemtwika mkungu wa ndizi siku moja sokoni Daraja Mbili, akamchekesha njia nzima hadi mtoni, kisha akarudi kwenye kazi yake ya chai huko Kericho. Tangu siku hiyo, Nyamoita hakuona mwingine. Na lile gauni, jamani! Lilikuwa jekundu la pilipili iliyoiva, limepigwa pasi ya makaa mpaka likalainika kama jani la mgomba. Kitambaa cha kichwani alikiazima kwa sababu kililingana nalo. Midomo aliipaka rangi kidogo tu, ya kuazima pia. Leo eti mjane!

"Twende kwa mwenye kamera," Tryphosa akasema. "Na Bathsheba aje asikie kwa masikio yake."

Bathsheba alikuja mjini Kisii na mumewe, Mzee Nyamweya, awe shahidi. Alivaa sweta yake nyekundu ya kufuma, ile asiyoivua hata jua likiwaka. Wao, Tryphosa, na Nyamoita ndani ya lile gauni lake, wakamkuta Issack, mpiga picha, akifuta kamera yake kwa kipande cha kanzu kuukuu.

"Wallahi, mama, kamera haina kosa," Issack akaapa. "Ni filamu. Hii ni ya kizamani, haioni nyekundu, kama kuku asivyoona usiku. Chochote chekundu kwake ni giza. Ndiyo maana naisafisha kwa dawa mle ndani, taa nyekundu ikiwaka, na haiharibiki."

"Wewe iko na maneno mingi," Bathsheba akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Piga mimi. Sweta yangu hakuna mtu anaweza kufanya nyeusi!"

Akaketi, akainua kidevu, akatoa kifua ili sweta ionekane vizuri. Issack akapiga, akajifungia chumbani. Wakangoja kwenye benchi, wakala ndizi za kuchoma, wakasinzia. Mzee Nyamweya alikuwa anakoroma Issack alipotoka na picha ingali na unyevu.

Bathsheba akaitazama. Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Sweta ilikuwa nyeusi kama chungu cha ugali. Mumewe akaamka, akachungulia juu ya bega lake.

"Kumbe nimekufa," akasema, "na hakuna aliyeniambia?"

Tryphosa alicheka hadi akashika ukuta. Bathsheba alijaribu kununa, ikamshinda. Akacheka akijipiga mapaja.

"Haya, basi. Binti si mjane, na mimi pia si mjane, ingawa huyu mzee ananichosha. Issack, mpige tena, tumpelekee Nyasani. Avae rangi gani?"

"Buluu, mama. Filamu hii inaipenda buluu. Hata ile ya mbingu itatoka nyeupe kabisa."

"Nyeupe? Nyasani atadhani tunamletea mtu wa kubatizwa!"

"Mvishe kijani," Tryphosa akadokeza.

"Kijani kama majani ya chai? Ameyachoka huko Kericho!"

Wakashikana hapo, huyu na kijani, yule na manjano, Mzee Nyamweya akitetea kahawia. Nyamoita alisimama katikati yao ndani ya gauni lake jekundu, akageuza kichwa kwa kila anayesema. Hakuna aliyemuuliza. Mwishowe akapiga goti mbele ya Bathsheba, kwa heshima, macho chini.

"Mama, samahani. Sitaki picha nyingine. Nataka Nyasani aje mwenyewe, aniangalie."