Ndala za Baba Yake

Jumamosi asubuhi, kabla chai haijachemka, fundi cherehani aliizunguka nyumba kuangalia ni nini kimeondoka. Safari hii ulikuwa mlio wa mlango wa jikoni. Aliufungua, akaufunga, akaufungua tena, kimya. Akajua mumewe ameuandika gazetini, akarudi kumimina chai.

Mumewe alikuwa na safu yake kila Jumamosi, ukurasa wa nyuma, jirani na matangazo ya viwanja. Aliandika vichekesho vya maisha ya kila siku, safari na habari za wiki, na watu walimpenda kwelikweli. Mkewe humo aliitwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na wateja waliomletea sare za shule kushona walimwita hivyohivyo hata njiani. Cha nyumbani kikiandikwa, watu wakakicheka, kiliondoka siku hiyohiyo. Mwanzoni ilikuwa neema. Mbu waliondoka, panya wakaondoka, na shangazi mmoja aliyekuja kusalimia akakaa msimu mzima alifunga virago kabla ya adhuhuri. Majirani wakaona wasikose bahati, wakamwomba aandike mgao wa maji na mashimo ya barabarani. Akaandika, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mashimo yakabaki palepale. Mambo ya wakubwa hayaondoki kwa kuchekwa.

Fundi hakulalamika. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kulinda.

Kila jioni, taa zilipowashwa, binti yao alitoka bafuni amevaa ndala za baba yake. Homa ilimchukua kabla hajaanza shule, lakini kuoga hakuacha. Hakuonekana. Zilisikika ndala tu, chwapu, chwapu, kubwa kupita miguu, kutoka bafuni mpaka jikoni, na koridoni zikabaki alama za maji. Mama yake alisema, "Utaanguka, wewe," kama zamani, kisha akachukua tambara akapangusa. Siku nzima aliishi kwa ajili ya kupangusa huko.

Alimwambia mumewe mapema kwamba hiyo asiiguse. Mume akaapa kwa mamake aliye kaburini.

Lakini safu ina tumbo, na tumbo halina shukrani. Mhariri alisema wasomaji wamechoshwa na siasa, wanataka ya nyumbani, na kwamba wanaoitamani nafasi ile wamejaa tele. Basi kila wiki ikifika katikati, mwandishi alizunguka sebuleni akivitazama vitu kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja. Macho yake yakielekea koridoni, fundi alimwita arudi mezani. Akaanza kumtupia vya kwake mwenyewe. Andika ninavyokoroma, alimwambia, na akaacha kukoroma. Akampa hofu yake ya ndege. Akampa wivu wake, na nyimbo alizoimba akikanyaga cherehani. Akampa safari yao ya kwenda kwa dada yake, alipobeba sufuria, pasi na mto, eti vya watu haviaminiki. Wasomaji walicheka wiki nzima, na yeye akabaki na vipande viwili vya tiketi za safari asiyoikumbuka hata kidogo. Mwisho akampa kicheko chake. Hicho kilisifiwa sana.

Alipungua, jamani. Alipungua mpaka hata wateja wakawa wanabisha hodi mara ya pili ilhali ameketi mbele yao.

Ikaja wiki ambayo mume aliketi mbele yake, macho mekundu, karatasi nyeupe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeshikwa pabaya.

"Nipe kitu," alisema. "Chochote, mama."

"Nimekwisha. Nimebaki na mtoto tu." Fundi alimshika mkono. "Mwenzangu, nakuomba. Wakufukuze, nitashona mchana na usiku, tutakula tutakachopata. Huyo niachie."

Mume akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi ile fundi aliizunguka nyumba, hakuona kilichopungua, akashukuru. Mchana akaja mama wa duka la vifungo kuchukua sketi ya mwanawe, anafuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Waziri, mumeo atatuua," alisema. "Katoto na mandala ya babake! Nimecheka, nikalia, nikacheka tena."

Fundi aliikunja sketi vizuri, akaifunga, akampa.

Jioni taa ziliwashwa. Alisimama koridoni na tambara lake. Sakafu ilikuwa kavu. Akasema, "Utaanguka, wewe," asije mtoto akawa anangoja kuambiwa. Akangoja mpaka tambara likamkaukia mkononi. Mume naye akatoka chumbani, akasimama kusikiliza, maana na yeye alikuwa baba.

"Nilimwandika kwa mapenzi," alisema. "Nikadhani kwa mapenzi atabaki."

Kisha, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kuliweka, akasema na lile jingine: mhariri amepiga simu kumpongeza, na kuanzia sasa safu itatoka na Jumatano pia.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenye nguo alikuwa fundi, tena kazishona kwa mkono wake. Aliingia bafuni, akajimwagia maji miguuni, akavaa ndala za mumewe. Akatembea mpaka jikoni, chwapu, chwapu. Akarudi, akaanza upya, huku akijiambia kwa sauti ndogo kwamba ataanguka.

Mume alimtazama, mtu mzima na ndala za mwanamume, anakwenda anarudi juu ya maji. Alimtazama kwa huruma. Mkono wake ukapanda taratibu kwenye mfuko wa shati, penye kalamu.

Fundi aliuona ule mkono. Akaongeza mwendo, ili apate kuzisikia ndala mara nyingi iwezekanavyo kabla ya Jumatano.