Kengele ya Kutokea

Kofia ngumu za saizi ya kati zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo mama alipewa kubwa, akaivaa juu ya kilemba chake ili isimfunike macho. Binti yake alimkazia mkanda chini ya kidevu. Walikuwa wamepanda basi tangu alfajiri kuja kwenye mji huu mkongwe wa shaba, uliojengwa ubavuni mwa mlima hata paa la nyumba moja likawa kibaraza cha nyingine. Njia nzima mama hakutia kitu kinywani. Kila mara basi lilipokata kona, aliubana mkoba kama mtu anayeporwa.

"Tunaweza kurudi, mama," binti alisema.

"Nishuke mgodini kwanza."

Mwongozaji, kijana mcheshi mwenye shati la kampuni, alianza na chumba cha kubadilishia nguo. Wachimbaji wa zamani hawakuwa na makabati. Kila mmoja alikuwa na kamba yake. Alifunga nguo zake safi, akazivuta mpaka darini, zikakaa huko mbali na vumbi hadi zamu iishe. Kamba nyingi sasa zilikuwa tupu, ila upande wa dirishani nguo chache zilikuwa zinaning'inia bado. Hizo ni mapambo tu, alisema mwongozaji. Mama alitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Shati la bluu, kifungo cha tatu cheusi. Alikishona mwenyewe, siku ambayo nyumbani hapakuwa na kifungo cha bluu.

Lilikuwa shati la mumewe, aliyekuwa mchimbaji hapa. Kampuni ilimwambia kwamba maji yalipoingia mgodini watu wote walitoka salama, na wale wasioonekana walitumia vurugu ile kutorokea mijini. Wakati huo tumbo lake lilikuwa kubwa. Majirani walimwambia ajikaze, wanaume ndivyo walivyo, akiwapa kisogo wanacheka. Alibisha miaka mingi. Kisha akachoka kubisha, akaanza kuamini. Ndicho kilichomleta: ajue kama aliachwa au hakuachwa, kabla naye hajaondoka duniani.

Lifti iliwashusha ikilalamika. Chini, wachimbaji walikuwa kazini kama kawaida, wamelowa mpaka kifuani ingawa sakafu ilikuwa kavu. Wageni walipiga picha. Mwongozaji aliwaomba wasizibe njia ya toroli, halafu akaeleza sheria ya mgodi: mtu haweki chini sululu mpaka nyapara agonge kengele. Siku ya maji nyapara alikuwa ameshapanda juu, mlango wa chuma ukafungwa, kengele haikugongwa. "Kwa hiyo wanaendelea," alisema, akawasogeza mbele.

Mama alikuwa ameogopa asimkute mumewe. Sasa aliogopa kumkuta. Akamwona kwenye kona, mrefu, amekunja mgongo chini ya mwamba.

"Inama, Twiga," mwenzake alimtania. "Huu mlima si wa baba yako."

Twiga alimwona mwanamke mzee akipapasa ukuta. Akaweka sululu begani, akampa mkono.

"Shikamoo, mama."

Mama aliupokea mkono.

"Marahaba."

"Huku hakufai kwa wazee. Angalia kichwa." Akamgeukia binti, ambaye alikuwa ameshampita baba yake umri. "Dada, mshike vizuri."

"Sawa, kaka," binti alijibu, akamshika.

Mama alitoa chupa ya chai kwenye mkoba, akammiminia. Twiga alikunywa, akasita.

"Tangawizi imezidi. Mke wangu naye ni hivihivi, namwambia kila siku hasikii."

Wenzake wakacheka, wakasema huyu hata akinywa maji humtaja mkewe. Yeye hakucheka. Alimsogelea mama, akashusha sauti.

"Huko juu hujasikia kengele, mama? Nimemwacha peke yake, mimba imekuwa kubwa, miguu inamvimba. Leo naona zamu imekuwa ndefu."

Mama alitaka kumwambia. Lakini akimwambia, atabaki mle chini na miaka yote ile mgongoni, na mlango bado umefungwa. Alimwambia miguu ya mkewe itapona.

Kengele ilikuwa juu, karibu na dirisha la tiketi, ndani ya kabati la kioo, imesuguliwa ikang'aa. Mama aliomba igongwe, mara moja tu. Meneja alimpa kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. Alisema anamwelewa, baba yake mdogo naye yuko kule chini, sehemu ya pampu.

"Ila taarifa ya kampuni inasema wote walishatoka, mama. Siwezi kuwagongea kengele watu waliokwishatoka."

Aliomba radhi, akamwandikia kibali cha kuingia bure siku yoyote atakayo.

Binti alirudi kazini kwake. Mama alipanga chumba chini kidogo ya kituo cha basi, akanunua jiko dogo. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kofia yake kubwa kichwani, chupa mkononi. Tangawizi aliweka ileile.

"Shikamoo, mama," Twiga alisema, akipokea kikombe. "Kengele bado?"

"Bado, mwanangu."