Bunduki Isiyo na Roho

Kila siku baada ya sala ya alasiri Bibi alikuwa akikaanga buni. Kahawa ya pakiti hakuitaka. Alisema ina ladha ya karatasi. Alikaa kwenye kibao chake kifupi mbele ya jiko dogo la gesi, mgongo kauelekezea dirisha la uani, akakoroga buni kwenye kikaango huku akinisimulia habari za Malindi ya Unguja, mtaa aliouacha akiwa msichana. Kazi yangu mimi ilikuwa kutwanga iliki na kumjibu. Nina sauti ndogo. Shuleni hapa Ibra, Omani, watoto ninaowafundisha sayansi huniambia, "Abla, hatusikii." Bibi peke yake ndiye ambaye hakuwahi kuniambia hivyo.

Siku ile alikuwa amefika penye utamu, bwana harusi kiziwi kaingia nyumba siyo, kashakaribishwa chakula na bado hajatambua. "Basi yule kiziwi wa watu," akasema, "akanawa mikono." Nikacheka, nikaingia stoo kuchukua iliki.

Mlipuko ulinikuta nimenyoosha mkono juu ya rafu. Kopo likaniponyoka.

Nilipotoka, buni zilikuwa zimetapakaa sakafu nzima, nyingine zinatoa moshi juu ya mkeka. Kigae cha ukutani juu ya jiko kilikuwa kimepasuka. Bibi kalala ubavu, kiganja juu ya sikio la kulia, macho wazi. Na kwenye dirisha, wavu umechanika, na nje ya wavu amesimama mdogo wangu Aflah, bunduki mkononi, kitambaa cha mafuta begani, mdomo wazi kama mtoto aliyevunja sahani. Alikuwa ameegemeza mtutu kwenye kizingiti cha dirisha ili ausugue vizuri.

Ami Khalaf alitoka mbio barazani. Akatazama dirisha, akamtazama Aflah, akamtazama mama yake pale chini. Nilimwona akifikiri. Halafu akapiga magoti, akaifunga koki ya mtungi wa gesi kwa kishindo.

"Gesi, mama! Jiko limeripuka. Usiogope."

Na kwa mkono mwingine, nyuma ya mgongo wake, akamwashiria Aflah: iondoe hiyo.

Hospitali daktari alisema kiwambo cha sikio la kulia kimechanika, na la kushoto lilikwisha dhoofu kwa umri. Naye aliambiwa gesi. Wakati wa kurudi, Bibi alikaa mbele, pamba sikioni, akawa anauliza kwa sauti kubwa isiyo yake.

"Niliiacha wazi, eh? Nilisahau kufunga?"

Ami Khalaf akashika usukani, akamwinamia. "Uzee, mama. Hutokea."

Neno lile bado linanichoma. Angeweza kusema mpira ulikuwa mbovu. Angeweza kusema mtungi. Katika uongo wote uliokuwapo duniani, alichagua ule utakaombebesha mama yake lawama.

Tangu hapo Bibi hakuingia jikoni. Mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona imetulia, ilikaa mapajani. Nikimletea kahawa ya pakiti anakunywa, hasemi kitu. Hadithi ya bwana harusi hakuimaliza. Nikisema naye, ananitazama midomo, anatabasamu, anajibu jambo jingine. Akija jirani humwambia, "Usiniache peke yangu na moto, mwanangu. Nilitaka kumuua mjukuu wangu."

Mimi ndiye mjukuu mwenyewe. Nilisimama pale na sinia, nikanyamaza.

Tulinyamaza wote kwa sababu ya harusi. Aflah alikuwa anamuoa Arwa, binti wa watu wa Ibra khasa, waliozikwa hapa kizazi juu ya kizazi. Usiku wa posa, mjomba wa Arwa alituuliza sisi wenye asili ya Unguja, "Na nyinyi Zinjibari, siku ya harusi mtacheza razha au mtatupigia taarabu?" Wakacheka. Na sisi tukacheka, ndivyo tulivyozoea. Lakini Aflah alirudi nyumbani kimya. Razha ni safu ya wanaume, panga na bunduki mkononi, wanaitikia mashairi. Asiye na silaha husimama nyuma. Aflah akaapa atasimama mbele. Akaenda Nizwa kununua ile bunduki kongwe ya risasi moja ambayo wazee wa huku huiita sam'a.

Mimi bunduki naijua kidogo, ingawa hakuna anayeamini. Majira ya baridi yaliyopita walimu wenzangu walinivuta kwenye mafunzo ya bastola ya wanawake, ya kujilinda, kwenye uwanja mmoja nje ya Nizwa. Nilikuwa mbovu kuliko wote. Kila nikifyatua nafumba macho, na mara moja nililia. Mwalimu wetu, Ghanima, mwanamke mnene mwenye sauti ya muadhini, aliniambia, "Wewe mwizi akija atakubembeleza kwanza, ndipo aibe." Lakini jambo moja alitufanyisha mpaka kucha zikauma. Silaha yoyote ukipewa, hata akikupa baba yako, fungua, tazama, tia kidole. "Mtu anaweza kukudanganya," alisema. "Kidole chako hakikudanganyi."

Kwa hiyo nilimuuliza Aflah swali moja tu. "Uliifungua?"

Akaokota kitambaa chake cha mafuta, akaanza kukikunja.

"Twende Nizwa," nikasema. "Twende kwa huyo aliyekuuzia."

Alikubali kwa sababu alitaka kuirudisha. Mimi nilitaka mtu mmoja, mmoja tu, aseme: mimi ndiye.

Duka lilikuwa ndani ya soko, chini ya ngome, kati ya duka la majambia na la vyungu. Bunduki zimepangwa ukutani kama miwa. Mwenye duka, Wadhah, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, alinyanyuka, akamkumbatia Aflah, akauliza habari ya wazee, habari ya mvua, habari ya barabara. Mimi sikuulizwa habari ya chochote. Kahawa ikamiminwa, tende zikasogezwa.

"Imepiga," Aflah akasema, akaiweka bunduki juu ya meza. "Uliniambia haina roho, ni pambo tu. Imepiga, imempasua bibi yangu sikio."

Wadhah aliweka kikombe chini. "La hawla. Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi alhamdulillahi. Kadari ya Mwenyezi Mungu." Akakinyanyua kikombe tena.

Yaani ilikuwa imekwisha hivyo. "Uliiuza ina risasi ndani," nikasema.

Akamgeukia Aflah. "Dada yako anasemaje?"

"Anasema uliiuza ina risasi," Aflah akasema chini chini.

"Mwambie mimi silaha zangu nazijua."

Mambo mengine hufanywa na mikono kabla mtu hajajishauri. Nilinyoosha mkono, nikatoa ukutani sam'a nyingine, pacha wa ile, nzito kuliko nilivyodhani. Mtutu nikauelekeza chini. Nikavuta mkono wa chuma ulio chini ya bunduki, mlango wa risasi ukafunguka, nikatazama, nikatia kidole.

Tupu. Kidole kilitoka na grisi nyeusi tu.

Wadhah akacheka kwa dhati, na mwenye duka la majambia, aliyekuwa ameshachungulia mlangoni, naye akacheka. "Mashallah! Polisi wametuletea binti. Umekuta nini ndani, binti? Askari kajificha?"

Niliirudisha ukutani. "Hii je?" nikaigusa ile yetu. "Hii uliifungua kabla ya kumuuzia?"

Safari hii alinijibu mwenyewe. "Nilimpa yeye aifungue. Muulize. Nilimwekea hivi, mikononi. Nikamwambia, fungua, itazame mali yako. Akasema hapana haja, anajua. Kijana wa watu, amekunywa kahawa yangu, nimlazimishe?"

Nikamtazama Aflah. Alikuwa anahesabu kokwa za tende.

"Na wewe?" nikamuuliza Wadhah. "Wewe uliifungua ulipoinunua?"

Akachezea ndevu. "Nimeichukua Sinaw, kwa mzee mmoja wa kibedui. Mzee mtu mzima, mwenye heshima zake, kanikirimu hemani kwake. Kaniambia sindano yake, ile inayoigonga risasi, imekatwa tangu zama za baba yake. Nimfungulie bunduki mbele ya uso wake? Nimwambie mzee wewe muongo, na kahawa yake bado iko kinywani mwangu?"

"Kwa hiyo hakuna aliyetazama."

"Binti..."

"Bunduki imetoka Sinaw mpaka Ibra, imepita kwa wanaume watatu, mmekunywa kahawa juu yake kila pahala, na hakuna aliyetia kidole."

Nilisema hayo kwa sauti yangu ileile ndogo, na sina hakika aliyasikia yote. Alikuwa ameshainama chini ya meza. Akaibuka na kopo la halwa, akalisukuma kwa Aflah. "Bunduki iacheni, naipokea. Na hii mpelekeeni bibi. Mwambieni Wadhah anamsalimu."

"Bibi yangu hajui kama wewe upo," nikasema. "Ameambiwa alisahau kufunga gesi."

Hapo kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika. Alimtazama Aflah, akaitazama halwa, kisha akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Halwa tuliiacha palepale.

Njiani nilishika usukani mimi. Tulikuwa tumeshaiacha Nizwa nyuma, tunaelekea Sinaw, jangwa limefunguka pande zote, Aflah aliposema:

"Sikujua inafunguliwa wapi."

Nikapunguza mwendo.

"Niliigeuzageuza, Ghaniya. Sikujua pa kuvuta. Ningeuliza, angesema huyu Zinjibari bunduki kwake kama mwiko wa pilau. Nikasema naijua."

Nilimhurumia, na huruma ile ikanizidishia hasira. Tumekaa nchi hii tangu baba hajaoa. Tuna kaburi la babu hapa. Na bado kijana wetu akiona haya mbele ya muuza duka, anayelipa ni kikongwe aliyekaa jikoni kwake.

"Kamwambie Bibi hivyo hivyo," nikasema.

"Baada ya harusi."

"Anakaa chumbani na mikono mapajani, Aflah!"

"Baada ya harusi, wallahi. Wakijua kina Arwa, nitaitwa nini? Bwana harusi aliyempiga bibi yake risasi? Niache nisimame kwenye safu mara moja tu. Nitamwambia mwenyewe."

Nikakanyaga mafuta mpaka Ibra.

Nyumbani viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Mama yake Arwa na shangazi zake walikuja kumwangalia mgonjwa, na Ami Khalaf amesimama kizingitini mwa chumba cha wageni, anawakaribisha kwa kicheko chake cha ugenini. Aflah akabaki nyuma yake, nje. Mimi niliingia, nikawapa mikono, nikambusu Bibi kichwani. "Shikamoo Bibi." Hakusikia. Aliponiona akaitika, "Marahaba mwanangu," akanivuta nikae chini karibu na goti lake.

Mama Arwa alikuwa anasema kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, kwamba siku ya harusi wangependa Bibi awakaangie buni kwa mkono wake, maana kahawa yake imesifiwa Ibra nzima. Aliyarudia mara mbili, karibu na sikio la kushoto, mpaka Bibi akafahamu.

Bibi akatikisa kichwa. Kiarabu chake, ambacho siku zote ni cha kuchechemea, kilitoka polepole. "Msinipe moto, binti yangu. Mimi sasa nasahau. Nilitaka kuwaunguza wanangu."

"Astaghfirullah," mama Arwa akasema.

"Uzee," Ami Khalaf akasema kutoka mlangoni, na akatabasamu. "Kweli anasahau. Siku hizi tunamchunga."

Tunamchunga. Kama mbuzi.

Nikamwinamia Bibi. Mdomo nikauweka kwenye sikio lake la kushoto, nikasema kama ninavyosema siku zote, kwa sauti niliyopewa na Mungu. Alinusa nguo yangu, akacheka kidogo, akakisogeza kichwa.

"Sisikii, mama. Sema."

Nikasema tena.

"Sisikii, mwanangu. Sema kwa nguvu. Unaona haya na nani?"

Nilimwona Ami Khalaf akianza kuja. Aliniita, "Ghaniya," kwa onyo. Nilisimama. Sijui sauti ile ilikuwa imekaa wapi miaka yote. Ilitoka ikapiga ukuta wa pili, vikombe vikaacha kusogezwa, na wageni, wasiojua Kiswahili, wakalisikia neno ambalo kwao na kwetu ni lilelile, wakageuka wote.

"Haikuwa gesi, Bibi! Ilikuwa bunduki! Bunduki ya Aflah, hakuna hata mmoja wao aliyeifungua kutazama! Wewe hukusahau kitu, Bibi! Hukusahau! Hukuwa wewe!"