Shabaha ya Mama Emanuel

Kornelia alikuwa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, akipukuchua mahindi, ng'ombe wa Gidahosh, mfugaji wa Kidatooga, walipopita tena barabarani kuelekea lamboni. Ng'ombe walitangulia. Mwenyewe alibaki nyuma, akasimama ukingoni mwa shamba, akaegemea fimbo na kutazama katikati ya dengu. Hakuita mtu, hakukanyaga hata jani. Alitazama mpaka vumbi la ng'ombe wake likatulia, kisha akageuza shingo, akamwona Kornelia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Kornelia alijibu, na mikono yake ikaacha kupukuchua.

Ilikuwa hivyo kila jioni tangu mvua zikatike. Kornelia aliamini kwamba mtu haangalii dengu za mwenzake muda wote huo bure. Anayetaka kuku wako huanza kwa kukuuliza habari za mayai. Na ile shikamoo, jinsi ilivyonyooka, ilimtia wasiwasi kuliko tusi.

Yeye hakuzaliwa tambarare. Kwao ni Tlawi, juu Mbulu, ambako mashamba yamegawanywa kwa warithi mpaka ng'ombe wa kulimia akigeuka mkia unakuwa kwa jirani. Mumewe, Margwe, alisikia kwamba chini ya Mlima Hanang kuna kijiji kinagawa ardhi isiyo na mtu. Wakashuka, mtoto wao Emanuel akiwa bado mgongoni. Margwe alipewa shamba pana, akaita trekta, akalima, akajenga nyumba ya matofali yenye mabati, na baada ya miaka mingi akafa kitandani mwake kama mtu aliyemaliza kazi. Emanuel sasa alikuwa mwalimu Babati. Kila akipiga simu alimwambia mama yake aende akakae naye, na kila mara mama yake alimuuliza shamba amwachie nani.

Kisha wezi wakang'oa paneli ya sola juu ya bati la Monica, jirani yake, mama aliyetoka Tumati, nako juu Mbulu, aliyekuwa hana neno na mtu. Monica alikuja kumweleza huku amejishika kiuno.

"Hata hodi hawakupiga," alisema.

"Kulikuwa na nyayo?"

"Za katambuga."

Kornelia alitazama barabarani. Katambuga za matairi huvaliwa na nusu ya wilaya, na Monica mwenyewe alikuwa amezivaa wakati huo. Lakini miguu aliyoifikiria Kornelia ilikuwa ya mtu mmoja.

Wiki hiyohiyo alianza kuomba kibali cha silaha. Maombi yalipita kijijini, yakaenda polisi Katesh, yakakaa mezani kwa wakubwa wa usalama. Afisa aliyemhoji alikuwa kijana mwenye mafua.

"Silaha ya nini, mama?"

"Kulinda nyumba."

"Dhidi ya nani?"

"Bado sijamjua vizuri."

Afisa alipenga kamasi, akaona jibu hilo linatosha. Kornelia aliuza ng'ombe na vitunguu swaumu, akapanda basi kwenda Arusha, akarudi na bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, imefungwa ndani ya khanga kama mtoto mchanga. Aliitia kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari.

Wa kumfundisha alikuwa Mzee Nicodemo, askari wa wanyamapori mstaafu, aliyefika kwa bodaboda akiwa na kofia yake ya zamani. Alipanga makopo matupu juu ya gogo mwisho wa shamba, akamwonyesha jinsi ya kuweka risasi, jinsi ya kufungua kizuizi, na jinsi ya kukishindilia kitako begani kisicheze.

"Triga huivuti, Mama Emanuel. Unaikamua. Kama chuchu ya mtamba aliyezaa mara ya kwanza. Ukiwa na haraka, atakupiga teke."

Kornelia alikamua. Bunduki ilimpiga teke, akakaa chini, na kopo likabaki limesimama. Nyuma yao mabati yakalia kidogo. Mzee Nicodemo aligeuka kutazama.

"Nyumba yako imeshuka," alisema.

Kornelia alitazama pia. Kizingiti kilichokuwa juu ya ardhi kwa shubiri moja sasa kilikuwa sawa na ardhi, na kuku mmoja alikuwa akiingia ndani bila kuruka.

"Imeshuka," alikubali. Akasimama, akajipangusa vumbi. "Niwekee risasi nyingine."

Masomo yaliendelea. Bega la Kornelia lilivimba, likageuka rangi ya bilinganya, likapona. Alijifunza kutopumua, kufumba jicho moja, na kumngoja adui aje badala ya kumfuata. Kila alipopiga, nyumba ilishuka kidogo. Kabla hajaanza kuangusha makopo, baraza ilikuwa imezama, na ilibidi achimbe ngazi za udongo ili kufika mlangoni. Mtendaji wa kijiji alikuja, akaizunguka nyumba akiwa ameweka mikono mgongoni, akasema hakuna sheria inayokataza nyumba kushuka mradi haishuki kwenye kiwanja cha mwingine. Monica naye alikuja kuona.

"Inakumbuka," alisema Monica. "Si hivi walivyojenga babu zetu kule juu? Walichimba nyumba ndani ya mlima, paa likafunikwa udongo, ili adui akipita apite juu yake bila kujua."

"Basi ina akili," Kornelia alisema.

Hilo lilimfurahisha. Kilichomsumbua ni udongo. Nyumba ilikuwa ikienda chini, na katikati ya shamba, pale hasa Gidahosh alipokuwa akitazama, dengu zilikuwa zikiinuka. Mwanzoni kilikuwa kivimbe cha ukubwa wa sufuria. Baadaye dengu zilianguka pembeni, mizizi juu, na tuta la duara likajitokeza, udongo wake laini kama umesilibwa kwa mikono. Kornelia alimwagia dawa ya mchwa. Tuta likaendelea kukua. Akashuku kwamba Gidahosh analijenga yeye akiwa kanisani, akakosa ibada Jumapili moja ili alinde. Hakuja mtu. Tuta liliongezeka mbele ya macho yake, taratibu, kama mkate.

Siku nyumba iliposhuka mpaka madirisha yakawa sawa na nyasi, Kornelia hakuona tena nyuso za watu. Aliona miguu. Alikaa chini ya dirisha na bunduki mapajani, akisoma miguu ya wapitao. Alimjua Monica kwa kisigino kilichopasuka na katekista kwa viatu vyeusi visivyofungwa kamba. Aligundua kwamba miguu haina adabu ambayo nyuso zinayo. Ilisimama mahali ambapo haikuwa na kazi. Ilirudi nyuma, ikageuka, ikanong'onezana. Hata miguu ya Monica, aliyekuwa akimletea maziwa, ilisita mlangoni zaidi ya zamani. Kornelia aliyachemsha yale maziwa mara mbili kabla ya kunywa.

Jioni moja, jua likiwa bado linagusa mlima, miguu yenye katambuga ilitoka barabarani ikaingia shambani. Haikuwahi kuvuka ukingo kabla ya hapo. Kornelia aliweka risasi zote mbili, akatoa mtutu dirishani, katikati ya nyasi.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Gidahosh. Shikamoo."

"Marahaba. Simama hapohapo."

Miguu ilisimama. Kisha ikaendelea, polepole, ikapanda ubavuni mwa tuta.

Kornelia alishindilia kitako begani, akafumba jicho, akaacha kupumua. Aliona vifundo viwili vya miguu vyenye vumbi na ncha ya fimbo. Alijisikia mwepesi, kama mtu ambaye hatimaye ameonyeshwa kwamba hakuwa mjinga. Akakamua. Papo hapo nyumba ikashuka, mtutu ukashuka nayo, na marisau yote yakapita chini ya miguu ya Gidahosh yakazama ndani ya tuta.

Ndani ya tuta mzee mmoja alikohoa.

Alikohoa kwa muda, kikohozi kikavu cha mtu aliyevuta ugoro miaka mingi, kisha akauliza jambo kwa Kidatooga. Gidahosh alichuchumaa, akamjibu kwa sauti ya chini. Mzee akauliza tena, safari hii kwa ukali.

"Anasema nini?" Kornelia aliita kutoka dirishani.

"Anauliza nani anapiga kelele kwenye boma lake."

"Mwambie ni mwenye shamba."

Sasa alipokuwa amechuchumaa, Kornelia aliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu wa makamo, umechoka, na kwenye shavu kulikuwa na udongo uliorushwa na risasi. Gidahosh alitafsiri maneno hayo.

"Ni baba yangu," Gidahosh alisema. "Tulimzika hapa, tukamjengea kaburi refu kwa miezi, tukalisimamishia nguzo, kama tunavyofanya kwa mzee mkubwa. Mwaka wa ukame tulihamisha ng'ombe kufuata maji. Tuliporudi tulikuta pamekuwa shamba."

"Kijiji kilisema hapana mtu. Marehemu mume wangu aliniambia kulikuwa na kichuguu tu, trekta ikakisawazisha."

"Mama yangu alibaki, miguu ilikuwa inamuuma. Alikuwa amekaa pale barabarani. Mzee Margwe alisimamisha trekta, akashuka, akazing'oa nguzo yeye mwenyewe, moja moja, akazipanga pembeni. Ndipo trekta ikapita."

Kornelia alizikumbuka kuni za mwaka ule. Zilikuwa kavu, nzito, hazikutoa moshi. Alipikia masika yote, na aliwahi kumwuliza Margwe alikozipata ili wakatafute nyingine. Margwe alisema hazipatikani tena.

Hakumwambia Gidahosh habari hizo. Alitoa ganda la risasi, akaweka risasi nyingine.

"Nenda nyumbani sasa," alisema. "Giza linaingia."

Mwenyekiti aliitisha mkutano wa kijiji, na kwa kuwa mhusika mmoja hakuweza kutembea, mkutano ukafanyika shambani. Watu walikaa kwenye nyasi kulizunguka tuta. Vijana walipolipita waliamkia, na mzee aliitikia kwa kukohoa. Gidahosh alieleza. Mama yake alikuwa ameshafariki, lakini watu wawili wa kijijini walisema nao waliona nguzo, na kwamba walikuwa hawajaulizwa. Kornelia alisimama kwenye ngazi zake, kichwa tu kikionekana, akasema yeye ni mjane, alikuta shamba limeshapimwa, na nyumba yake ndiyo ile wanayoiona.

Mwenyekiti alikuna kidevu, kisha akasema hakuna anayebisha kwamba mzee yupo, wote wamemsikia. Lakini shamba liligawiwa kwenye mkutano halali, na mzee hakuhudhuria wala hakutuma mtu. Ardhi ni ya Mama Emanuel. Kama ndugu wa marehemu wanataka kumwona, si vibaya, ila waingie kwa ruhusa ya mwenye shamba, kwa ajili ya usalama. Watu walipiga makofi. Gidahosh hakupiga, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Baadaye, huko Katesh, polisi walimkamata mkwe wa Monica akiuza ile paneli ya sola. Alikuwa na betri ya kanisa pia. Monica alikuja akalia sana, akasema mtoto wa watu alikuwa akila mezani kwake. Kornelia alimpa pole, akamsindikiza mpaka ngazi ya juu, akarudi kupaka bunduki mafuta. Hakuona sababu ya kuirudisha. Sasa aliweza kupiga kopo akiwa amekaa, na mkwe wa Monica si mkwe peke yake duniani.

Msimu uliofuata dereva wa trekta alilizunguka tuta, akalalamika kwamba kona zinamla mafuta. Alizeti ilikubali. Jioni Gidahosh alikuja akiwa na kibuyu cha maziwa, akainama dirishani mpaka paji la uso lilipogusa nyasi.

"Shikamoo, mama. Naomba kumsalimia mzee."

"Marahaba. Pita. Usikanyage alizeti."

Alipita, akamimina maziwa kidogo juu ya tuta, akazungumza na baba yake habari za ng'ombe, za mvua, za watoto. Kornelia alisikiliza akiwa na bunduki mapajani, na kwa kusikiliza kila jioni akajikuta ameshika maneno mengi ya Kidatooga bila kufundishwa.

Siku moja Emanuel alikuja kutoka Babati na wakwe zake. Waliteremka ngazi kwa uangalifu, wakasifia jinsi nyumba ilivyo na joto wakati upepo wa mlima ni mkali. Kornelia alikuwa amechinja kuku. Alikuwa akipakua wali miguu ilipofika dirishani, na paji la uso likashuka kwenye nyasi.

"Shikamoo, mama. Naomba kumsalimia mzee."

Wakwe walitazama dirishani. Kisha walitazama bunduki iliyokuwa imeegemezwa ukutani.

"Leo hapana, Gidahosh," Kornelia alisema. "Nina wageni."

"Haya, mama."

Miguu ilirudi barabarani bila haraka. Huko shambani mzee alikohoa, akaita jina la mwanawe, akauliza kwa lugha yake mbona leo haji. Gidahosh alimjibu akiwa barabarani, kwa sauti kubwa ili asikike, kwamba ndama mmoja amepotea, anakwenda kumtafuta kabla ya giza. Mzee akamwambia aende upesi, fisi wasimtangulie.

"Wanasema nini?" mama mkwe wa Emanuel aliuliza.

"Wanazungumza habari za ndama," Kornelia alisema, akamwongezea mchuzi.