Nusu ya Kompyuta

Masele alikuja kuaga Jumapili asubuhi, Ndaki akiwa uani anafua ovaroli. Hakuaga moja kwa moja. Alichota maji, akayamimina kwenye beseni, akasuuza shati ambalo halikuwa lake, akalikamua na kulianika. Ndipo akasema kaka yake mkubwa amefungua mtambo wa kuchenjulia dhahabu huko Chunya, na anamtaka kule kabla mwezi haujaisha.

"Chunya ya Mbeya?" Ndaki aliuliza, kana kwamba iko nyingine.

"Hiyo hiyo."

"Mbali."

"Mbali kweli."

Walikuwa wamepanga vyumba vinavyotazamana kwenye nyumba moja pale Katoro. Ndaki alikuwa fundi wa mota za karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na Masele alikuwa msimamizi wa stoo kwenye karasha hilohilo. Wote wawili wamekulia Ngokolo, mjini Shinyanga, ila hawakujuana kule; walijuana Katoro, siku waliyogundua kwamba kila mmoja utotoni alikuwa akitoroka shule kwenda kucheza gemu kwenye banda moja la nyuma ya soko. Tangu siku hiyo wakawa na jambo lao. Wangeunga kompyuta ya gemu kwa mikono yao, kifaa kimoja kimoja, mpaka itimie.

Kompyuta ya dukani waliikataa. Masele alisema mashine uliyonunua imefungwa ni kama mke uliyechaguliwa na shangazi: huenda akawa mwema, lakini hukushiriki.

Basi wakawa wanachagua. Jumapili waliketi mkekani chumbani kwa Ndaki, simu katikati, wakitazama video za watu wanaounga kompyuta, wakisimamisha, wakirudisha nyuma, wakibishana. Masele alitaka kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu kwenye skrini, iwe kubwa kuliko vyote. Ndaki, ambaye kazini alikuwa ameona mota nyingi zikiungua, alitaka kwanza pawasaplai ya maana, ile inayogawa umeme ndani ya mashine.

"Utamu wote uko kwenye kadi," Masele alikuwa akisema.

"Na moto wote uko kwenye pawasaplai. Umeme wa huku unaujua."

"Wewe unanunua kompyuta au unanunua zimamoto?"

Mabishano kama hayo yaliwachukua wiki tatu, na hawakuchoka. Hatimaye Masele alinunua kadi na prosesa, ule ubongo wa mashine, Ndaki akanunua pawasaplai, diski, ramu ya kumbukumbu, na mazabodi, lile bao la kuunganishia vyote. Vyote viliagizwa kwa simu kutoka duka moja la Shinyanga na kuja kwa basi. Walivihifadhi chini ya kitanda cha Ndaki, vikiwa bado ndani ya maboksi yake, maana walikubaliana wasiunge chochote mpaka kesi ipatikane. Kilichobaki kilikuwa hicho kimoja, sanduku la kuvitia.

Sasa wamesimama uani, na shati linachuruzika.

"Ile mashine," Masele alisema. "Baki nayo tu."

"Hapana. Kadi ni yako. Prosesa ni yako."

"Ndaki, nitaipeleka wapi kadi bila mwili?"

"Utanunua mwili huko. Ni jasho lako, kaka. Siwezi kukaa na jasho la mtu."

Masele alimtazama kidogo. Ndaki alikuwa ameinama tena juu ya beseni, anasugua kola ambayo ilikwisha takata. Alikuwa anangoja Masele akatae mara ya pili. Angekataa, yeye angekubali. Lakini Masele alisema tu, "Haya, kama unaona hivyo," akaingia ndani, akainama chini ya kitanda, akatoka na maboksi mawili kifuani.

Alhamisi yake akaondoka. Ndaki alikuwa zamu; aliporudi akakuta kufuli imetolewa mlangoni kwa Masele na chumba kimefagiliwa.

Mwanzoni hakuona kitu kimepungua. Kazi ilikuwa nyingi. Upweke ulikuja kidogo kidogo, kwa njia ambazo hakuzitegemea. Alijikuta anapika ugali wa watu wawili. Alijikuta ameona video mpya ya mtu anayepanga feni ndani ya kesi, akageuza simu ili mtu mwingine aone, na mkekani hakuna mtu. Walitumiana ujumbe na Masele, salamu na picha za milima ya Chunya. Baadaye salamu bila picha. Baadaye alama ya kidole gumba tu.

Chumba cha jirani kilipangishwa kwa mama mmoja wa makamo kutoka Kishapu, Mama Juliana, aliyekuja kuuza vitambaa vya pamba sokoni. Walisalimiana asubuhi, basi.

Siku moja, bila kumwambia mtu, maana hapakuwa na mtu wa kumwambia, Ndaki aliomba ruhusa kazini, akapanda basi kwenda Shinyanga kuchagua vilivyobaki.

Mwenye duka aliitwa Agnetha. Alikuwa msichana mrefu mwenye miwani, na ingawa hawajawahi kuonana, aliitambua sauti yake mara tu aliposema habari.

"Ngoja. Wewe ni wa Katoro! Ni yupi kati yenu, wa kadi au wa pawasaplai?"

"Wa pawasaplai."

"Mlinichekesha nyie. Mnanipigia simu moja, mmoja anasema leta hii, mwingine nyuma anapiga kelele usilete! Na mwenzako yuko wapi?"

"Amehamia Chunya."

"Aa," Agnetha alisema, na akaanza kufuta vumbi kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

Prosesa haikuwa na maneno mengi, kwa sababu mazabodi huchagua mwenzake: inaingia ya ukoo wake tu. Zilikuwapo mbili. Ndaki aliuliza ipi bora. Agnetha akasema zote nzuri. Kwenye kadi, ile aliyokuwa nayo Masele mfuko wa Ndaki usingeifikia, hivyo akaonyeshwa ndogo, iliyokwisha kutumika, yenye feni moja. Agnetha aliichomeka kwenye mashine ya dukani ili aione ikifanya kazi. Gari jekundu likapita kwenye skrini, barabara yenye mvua.

"Hii inanitosha," Ndaki alisema.

"Inakutosha kabisa, kaka."

"Au nisubiri nipate kubwa?"

"Ukisubiri pia si vibaya."

Ndaki alisimama na ile kadi mkononi. Alitamani mtu amwambie kwamba anakosea. Alitamani kuitwa bahili, kuitwa zimamoto, alazimike kutetea kila skrubu. Dada huyu mpole alikuwa tayari kukubaliana naye mpaka jioni, na kila alipokubali, kitu alichochagua kilikuwa kama kinapungua uzito.

Akachukua kadi ndogo. Akachukua kesi nyeusi yenye matundu mbele, akaomba na kipande cha neti laini cha kuzuia vumbi la mawe.

"Pedi za kuchezea gemu, moja au mbili?" Agnetha aliuliza.

Ndaki alitazama pale zilipopangwa.

"Moja," alisema.

Usiku huo alilala Ngokolo kwa dada yake Euphrasia. Nyumba ilikuwa imejaa watoto, wageni na kelele za televisheni, na kila mtu alifurahi kumwona. Euphrasia alifunua boksi la kesi, akachungulia ndani, akaona ni tupu.

"Umesafiri kote huko kununua sanduku?"

"Ni la kompyuta, dada."

"Oa, Ndaki. Utapata wa kuzungumza naye."

Wote walicheka, naye akacheka. Kisha wakaendelea na mazungumzo ya ng'ombe wa mjomba aliowaacha Kishapu, mambo ambayo yeye hakuyajua mwanzo wake.

Jumapili iliyofuata, Katoro, alitandika mkeka na kupanga vifaa vyote asubuhi na mapema, mlango ukiwa wazi apate mwanga. Kufunga mazabodi ndani ya kesi hakukumsumbua. Mikono yake ilizoea nati. Kilichomtisha ni prosesa. Ni ndogo kama biskuti, na kikono cha kuibana kinadai nguvu ambayo mtu hapendi kuitumia juu ya kitu chembamba namna ile. Alikibonyeza, kikalia kri. Akakiachia. Akampigia Masele.

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Safari hii ilipokelewa, na nyuma ya sauti ya Masele mashine zilikuwa zinanguruma.

"Ndaki! Vipi?"

"Kikono cha prosesa kinalia. Ni kawaida?"

"Nini?"

"Kikono! Kinalia!"

"Sisikii, kaka. Nakupigia baadaye."

Ndaki aliweka simu chini. Alikaa akikitazama kile kikono, halafu akafumba macho, akabonyeza. Kililia, kikashuka, kikanasa. Hakuna kilichovunjika.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda. Ramu, kadi, nyaya. Aliivisha kesi neti yake, akaunga skrini ya mtumba aliyoinunua sokoni, akawasha. Feni zilizunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Alizima, akakagua, akawasha, nyeusi. Kwa muda mrefu alikaa akiwa na hakika kwamba ameua kitu, mpaka alipoona waya wa skrini ameuchomeka kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi. Akauhamisha. Maandishi meupe yakajitokeza.

"Masele!" alipiga ukelele.

Ulimtoka tu. Mama Juliana, aliyekuwa anachambua mchele nje, aliinua kichwa.

"Umeniita, baba?"

"Hapana, mama. Samahani."

Kuweka programu na gemu kulimla mchana wote, na kifurushi cha intaneti kikaliwa pia. Jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, alikaa hatimaye kuendesha lile gari jekundu. Mvua ilinyesha kwenye kioo, miti ikapita. Ilikuwa nzuri kama walivyosema itakuwa. Akamaliza wa nne. Akaanza upya, akamaliza wa tatu, na hapo simu ikaita.

"Ile asubuhi kulikuwa na kelele," Masele alisema. "Ulisema kitu gani kinalia?"

"Nilikwisha fanya. Inawaka."

"Kweli? Inawaka?" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Na kadi?"

"Nimepata ndogo. Ya kwako umeifunga?"

Masele alikohoa. "Niliiuza, kaka. Na prosesa. Huku peke yangu nikaona ni maboksi tu."

Ndaki alitazama ile feni moja ikizunguka nyuma ya neti. Angeweza kusema, ungeniuzia mimi. Angeweza kusema, mbona hukukataa mara ya pili.

"Umefanya vizuri," alisema.

"Siku nikija nitacheza."

"Karibu."

Wakaagana kwa heshima nyingi, kama watu wa ofisi.

Ndaki alitoka nje kunyoosha mgongo. Mama Juliana alikuwa amebandika chungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nilikusikia unaongea. Ni ndugu?"

"Aliishi hapo, chumbani kwako. Masele."

"Kumbe ndiye aliyejaza misumari ukutani!"

"Ndiye. Hakuwa na kabati, kila kitu alikitundika."

"Nilitaka kuing'oa," Mama Juliana alisema, akikoroga. "Nikaona ngoja. Sasa vitambaa vyangu vyote viko pale. Njoo uone nilivyovipanga."

Ndaki alisita mlangoni, akavua kandambili, akaingia kuona.