Muhtasari wa Kikao cha Sita

Serikali ile ya vyama viwili ilidumu siku hamsini na tatu, na siku zote hizo mawaziri walitazamana kwa jicho la pembeni kama wake wenza. Waziri wa Afya, muuguzi wa zamani ambaye hata walinzi walimwita Sista, aliyavumilia hayo kwa sababu moja tu. Kaka yake alifia gerezani miaka kumi na tisa nyuma, akafukiwa kule kule ndani ya ukuta, na mama yao alitaka mwanawe azikwe upya kando ya baba yake.

Kikao cha sita, siku ya Jumanne, baraza likakubali: familia zikabidhiwe mabaki ya ndugu zao. Sista alilia mbele za watu bila haya. Alipompigia mama simu, mama akaanza papo hapo kuulizia seremala.

Sasa, baraza lina utaratibu wake. Uamuzi hautekelezwi mpaka muhtasari usomwe na kuthibitishwa kikao kinachofuata. Karani akaupiga chapa, akautia kwenye jalada kusubiri Jumanne nyingine.

Jumatatu chama cha Sista kikakutana. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kipuuzi mtupu: nani ateue mkuu wa bandari. Mwenyekiti akafoka, watu wakapandwa na mori, hoja ya kujitoa serikalini ikapigiwa kura ya mikono. Sista naye damu ilimchemka, akanyoosha. Zilitakiwa kura kumi na moja, zikapatikana kumi na moja.

Alikuwa ameshaingia garini alipokumbuka. Alirudi mbio kwa karani, viatu mkononi.

"Mzee wangu, thibitisha tu. Si sote tulikubali?"

"Mheshimiwa, baraza halipo tena," karani akasema kwa huruma. "Nitathibitisha mbele ya nani?"

Nyumbani alimkuta mama uani na seremala, mbao za jeneza zimeshakatwa. Akamweleza yote, hakuficha kitu.

"Wakija wengine utawaomba?"

"Nitawaomba, mama."

"Nina miaka themanini na sita, mwanangu." Akamtazama. "Na wewe ulinyoosha?"

"Nilinyoosha, mama."

Mama hakumgombeza. Alimgeukia seremala, akajinyoosha mgongo taratibu, akasimama wima mbele yake.

"Zipunguze hizo mbao, baba," akasema. "Nipime mimi."