Sahani Iliyoonewa Huruma

Sahani ilikuwa imejaa tena. Ilikaa pale dirishani kando ya chupa yenye shingo nyembamba, maji yakimetameta ukingoni kana kwamba jua la siku zote zile halikuyagusa.

"Mama," nilimwita mama mkwe, "nani ametia maji humu?"

Alikuwa akimbembeleza mwanangu, ambaye meno ya kwanza yalikuwa yanamtesa. "Mimi. Yalikuwa yanakwisha, nikasema mwalimu wako ataona huna utunzaji. Kila siku nayaongeza."

Nilikaa juu ya ndoo. Jioni ile ile nilitakiwa kulieleza darasa, kwa kulinganisha sahani ile na chupa ile, ni nini huharakisha maji kugeuka mvuke. Asiye na jaribio lake, jina lake lisingepelekwa kwenye mtihani. Shule niliiacha tumbo likiwa kubwa. Masomo ya jioni ndiyo yaliyonirudishia matumaini. Lakini bila mama mkwe kunishikia mtoto, nisingevuka hata kizingiti. Naye alishasema wazi: atanivumilia hadi majaribio yaishe, baada ya hapo tutaona.

Nilitamani kumfokea. Badala yake nikamwonyesha sahani.

"Mama, yanatakiwa yaishe. Ndiyo kazi yake."

Akaitazama sahani, akanitazama mimi. "Unakwenda shule kujifunza maji kukauka? Mbona hata nepi zinajua."

Tulicheka. Kisha nikaliona jaribio langu jipya: beseni la nepi lilikuwa pale miguuni petu, zote zimekatwa sawa kutoka shuka moja.

Nilianza kuzikamua. Alipotaka kunisaidia nilimzuia. "Ukikamua wewe nyingine, hatutajua ni jua au ni mkono wako."

"Kweli," alisema. "Mkono wangu una hasira."

Nepi moja niliitandaza kambani juani, nyingine nikaikunja mara nne na kuianika kando yake. Mbili nikazitandaza chumbani: moja tukaiacha itulie, nyingine akaishughulikia yeye. Mwanangu leo anafunga kamba za viatu mwenyewe, lakini mchana ule ningali nauona: mama mkwe na mtoto mgongoni, akipepea nepi kwa mfuniko wa sufuria, udenda ukimlowesha bega.

"Pumzika, Mama."

"Niache. Ile iliyolala pale isinishinde."

Haikumshinda.

Darasani nilieleza ipi ilitangulia kukauka, na jinsi ile iliyokunjwa ilivyobaki mbichi katikati ya mikunjo. Mwalimu akauliza ile sahani niliyoiahidi imeishia wapi.

"Ilipata mtu wa kuionea huruma, mwalimu."

Wenzangu waliangua kicheko. Yeye alitabasamu tu, akaandika jina langu.

Nilirudi nyumbani polepole, nikilitafuta neno la kuanzia. Nilimkuta mama mkwe mlangoni, mtoto amemlalia begani.

"Wamekukubali?"

"Wamenikubali. Ila sasa ni maandalizi ya mtihani, Mama. Masomo ni kila jioni."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

Alimhamishia mtoto bega la pili, taratibu, asije akamwamsha.

"Basi uwe unamnyonyesha vizuri kabla hujatoka," alisema. "Mimi maziwa sina."